Seli za Woolloongabba

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma, duka la matairi, Moorooka, mtaa wa Brisbane. Dessie Kovac alisukuma pai yake ya nyama pembeni, akachora maabara ya Woolloongabba kwenye karatasi yenye mafuta. Mlango wa nyuma. Ukumbi. Friji.

Mzigo wenyewe ulikuwa kingamwili, matone machache kwenye kichupa, ndani ya boksi dogo. Kazi yake ni kunasa kimeng'enya cha ini kinachosaga sukari ya maziwa. Kichanga asiye nacho, maziwa ya mama humgeukia sumu. Kwa matone hayo daktari huligundua tatizo mapema. Kuna mtu Sydney aliyeyataka. Dessie hakusema kwa nini.

Noelene Tripp alikuwa amefanya kazi mle maabara miaka kumi na tisa kabla ya kufukuzwa. Namba za mlango alizijua. Corrie Habgood, dereva, miaka miwili tangu atoke jela, alimwangalia mama huyo akikoroga chai bila kuinywa. Hakumwamini.

Saa 5:40.

Dessie alimvuta Corrie nje. "Yule mama atatuuza. Mchunge. Na mkishachukua boksi, fungua mtungi wa baridi, mwaga vichupa vyote kwenye sinki. Niletee vitupu nivione."

Dakika tano baadaye Corrie alimwona Dessie akimnong'oneza Noelene. Wote wawili walimtazama, kisha wakatazama chini.

Saa 8:00 mchana.

Mbio za farasi za Melbourne. Brisbane nzima ilikuwa imeganda mbele ya televisheni, mlinzi wa maabara naye yuko chumba cha chai na wenzake. Noelene alibonyeza namba. Corrie akaingia amevaa sare ya wauza gesi.

Saa 8:02.

Noelene akatia boksi la kingamwili mfukoni. Corrie alifungua mtungi. Ukungu wa baridi ukamwagika hadi viatuni.

"Unafanya nini?"

"Dessie kasema nivimwage."

"Hizo ndizo seli zinazotengeneza kingamwili. Hakuna nyingine popote; zikifa, litabaki boksi hili tu." Noelene alimshika mkono. "Mimi nilikubali kuiba, Corrie. Sikukubali kuua watoto wa watu."

"Kasema utatuuza."

"Mimi kaniambia ni wewe."

Chumba cha chai kililipuka kwa kelele. Farasi walikuwa wanamaliza. Corrie alisimama na kifuniko mkononi. Kisha akakirudisha.

Saa 8:05.

Kwenye gari Dessie, sasa yeye ndiye ameshika usukani, alipokea boksi kupitia mlango uliokuwa wazi, akanyoosha mkono tena. "Vitupu?"

"Sikuviona."

Bastola ilitoka chini ya kiti, risasi ikaingia pajani. Corrie akaanguka barabarani na gari likaondoka kwa kasi, mlango ukipigapiga.

Noelene angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alivua sweta, akalifunga nalo jeraha la Corrie, akakaa hapo lamini na damu mikononi hadi polisi walipofika.

Saa 1:30 jioni.

Hospitali, pingu kwenye kitanda. Mpelelezi alivuta kiti, akaweka daftari gotini, akasema Noelene amekwisha kueleza kila kitu: kwamba Corrie ndiye aliyepanga, ndiye aliyemlazimisha, ndiye mkubwa wao.

Asubuhi ya siku hiyo Corrie angeamini kila neno. Aliomba maji. Akanywa taratibu.

"Rudi ukamuulize jina lake," akasema. "Huyo uliyezungumza naye si Noelene."