Plasta ya Uongo

"Mipira yako inafika chini! Mara ngapi nikwambie?"

"Wewe ndiye unaruka mapema, kama umekanyaga kaa la moto."

"Mimi? Miaka miwili napiga mipira yako, leo ndiyo nimesahau kuruka?"

"Basi uliza miguu yako, usiniulize mimi!"

Wasichana wengine wa timu waliwakodolea macho, chupa za maji mkononi. Hawakuwahi kuwasikia wawili hawa wakigombana. Ngazi, yule mrefu wa mwaka wa tatu, alikuwa mpigaji. Kijiko, wa mwaka wa pili, kazi yake ilikuwa kumpandishia mpira juu ya wavu ili aupige. Aliitwa Kijiko kwa sababu mpira ulitoka mikononi mwake taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Siku zote alimwita mwenzake dada. Siku hiyo ya fainali hakumwita hivyo hata mara moja.

Siku zile uwanja wa chuo ulikuwa wa udongo mwekundu, wavu umeungwaungwa kwa kamba za viatu. Kocha wao hakuwa mtu wa suti na filimbi ya dhahabu. Alikuwa mtunza stoo wa chuo. Akishagawa mafagio na balbu, alifunga mlango, akavaa raba, akatoka na gunia la mipira begani. Wote walimwita Mama Stoo. Mpaka leo, Kijiko akiwa mwalimu wa michezo mwenye wanafunzi wake, akinusa udongo uliomwagiwa maji anamwona yule mama analeta gunia lile, huku akigomba: "Nani kaukalia mpira wangu? Mpira si kigoda!"

Mama Stoo alikuwa na desturi moja. Kabla ya mazoezi walipanga mstari, mikono mbele, naye akabonyeza vidole vyote kumi vya kila mtu. Ukiruka kwa maumivu, unakaa nje. Hakuna kubembeleza.

Sasa, siku tatu kabla ya fainali, mpira ulimgonga Kijiko kwenye dole gumba la mkono wa kulia, likavimba. Bila dole gumba mpandishaji ni bure. Kijiko akawaza: nikikaguliwa, nimekwisha. Akachukua plasta, akafunga kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Mama Stoo alipofika kwake aliiona plasta, akakidaka kile kidole.

"Hiki kimefanya nini?"

"Nimejikata na wembe, Mama. Kidogo tu."

Mama Stoo akabonyeza. Kijiko hata hakupepesa jicho.

"Haya, pita. Mikono yako ni mali ya timu, usichezee wembe." Akasahau kabisa mkono wa kulia.

Kijiko alijiona mjanja kuliko wote. Kila asubuhi alichovya dole gumba kwenye maji baridi. Kwenye mechi ndipo ujanja ulipoanza kumtokea puani. Kila alipopandisha mpira, maumivu yalimpanda hadi kwenye kiwiko, na mpira ukaishia chini, mbele ya Ngazi. Ngazi aliruka, akapiga wavu. Akaruka tena, akapiga hewa. Watu wakamzomea. Walishapoteza seti mbili, wameshinda moja. Ya nne ikipotea, kwaheri kikombe.

"Ngazi, kaa nje," Mama Stoo alisema. "Leo hauko nasi."

"Mama, si mimi..."

"Kaa, nimesema."

Ngazi akamtazama Kijiko, akimsubiri aseme neno. Kijiko akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya Ngazi pale chuoni. Mama yake mzazi, fundi cherehani, alifunga duka siku nzima ili aje kumwona. Namba zote za jezi zile alizishona yeye. Alikaa mstari wa mbele. Seti ya nne ilipoanza, alimwona mwanawe amekaa mwisho wa benchi na taulo usoni. Akaacha kupiga makofi. Watu nyuma yake walikuwa wakisema, "Afadhali wamemtoa yule mrefu, hajui kitu." Akaokota mkoba wake, akasimama aondoke.

Kijiko aliyaona yote hayo. Mpira mwingine ukamjia, akaupandisha, ukafika chini tena. Aliyeingia badala ya Ngazi naye akapiga wavu. Hapo akamgeukia kocha.

"Mama Stoo! Omba muda, tafadhali. Nitoe."

"Nikutoe? Una wazimu?"

Kijiko akanyoosha dole gumba. Mama Stoo akaligusa tu, Kijiko akapiga yowe.

"Na kile chenye plasta?"

"Hakina kitu, Mama. Nilikudanganya. Dada hajakosea hata mpira mmoja. Ni mimi." Alisema kwa sauti, hata walioketi mbele wakasikia. Yule fundi cherehani akaketi tena polepole, mkoba mapajani.

Mama Stoo alishusha pumzi, akageukia benchi. "Ngazi, mwanangu, nimekukosea mbele za watu, na mbele zao hao hao naomba radhi. Ingia. Na wewe Pini, nenda kapandishe."

Pini, wa mwaka wa kwanza, alikuwa mpandishaji wa akiba. Mipira yake haikuwa mizuri, ila ilifika juu. Ngazi aliigonga mpaka udongo ukaruka. Seti ya nne wakashinda. Ya tano wakapoteza kwa pointi mbili, kumi na tano kwa kumi na tatu. Wakalia wote.

Ngazi alikuja, jasho linamtiririka, akaketi karibu na Kijiko.

"Ungeniambia tu, mjinga wewe."

"Nisamehe, dada."

"Nimekasirika bado. Kesho sitakuwa nimekasirika." Akamwegemea begani.

Mama Stoo akachuchumaa mbele ya Kijiko, akamfunga dole gumba kwa kitambaa safi.

"Kidole kitapona kwa wiki tatu," alisema. "Kuumia si kosa, mwanangu, kila anayecheza huumia. Kosa ni kuficha, halafu mwenzako akabeba lawama yako. Umechelewa kusema, lakini umesema mwenyewe, hujasukumwa. Hilo sitalisahau."

Akajitupia gunia la mipira begani.

"Kesho jioni, mazoezi."

"Na mkono huu, Mama?"

"Wa kushoto si mzima? Utaokota mipira."

Akageuka, akaenda zake kufungua stoo.