Mbwa Aliyemchekea Jaha

Mbwa alianza kucheka siku ya tatu baada ya mwenye nyumba, Mzungu, kurudi kwao Ulaya na kumwacha.

Ilikuwa mwaka 1984, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mbaruk, mlinzi wa nyumba hiyo, alikuwa amehamia vyumba vya uani pamoja na mkewe Batuli na binti yao Jaha, wa miaka minne. Watu wao walitoka Lamu, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kufuga mbwa. Chombo kilichorambwa na mbwa walijua kukiosha mara saba. Uso wa mbwa hawakuujua.

Kila alasiri Jaha aliketi kwenye ukingo wa kisima kikavu, akizungumza peke yake. Mbwa alisimama hatua tano mbele yake, akafunua meno yote mpaka ufizi. Hapo ndipo ilipokuja harufu ya mawaridi yaliyooza, na uani hapakuwa na ua hata moja.

"Mzungu alisema huwachekea awapendao," Batuli alinong'ona.

"Mbwa acheke, kasikia mzaha gani?" Mbaruk alijibu. "Huyo ana jini, mama Jaha. Haondoki na mwanangu."

Kwa kuwa yeye hakutaka kumgusa, alimwita Tsuma, mwindaji wa Jilore, aje amchukue akamuue.

Tsuma alichuchumaa, akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Mbwa akifurahi hulegeza mdomo, bwana Mbaruk. Macho huwa mapole, kiuno chote hucheza. Huyu masikio kayalaza, mkia kaufyata, weupe wa macho uko nje. Anaogopa." Akashusha sauti. "Na hamtazami mtoto. Anatazama nyuma ya mtoto."

"Nimekuita ufunge kamba, Tsuma. Sikukuita unisomeshe."

"Haya, bwana."

Batuli aliyasikia yote. Alinyamaza, asije akamwaibisha mumewe mbele ya mtu wa kuja. Mbwa aliburutwa mpaka langoni, kucha zikichimba mchanga, shingo imegeukia kisimani.

Kesho yake, Mbaruk akiwa msikitini, Batuli alikuwa akikuna nazi jikoni aliposikia nyayo za mtoto zikija, zikasimama, zikarudi nyuma kidogo, na alipoinua uso akamwona Jaha mlangoni, hatua tano kutoka alipo, midomo imevutwa mpaka ufizi, meno yote nje, weupe wa macho umezunguka mboni kama pete, na mkojo unamtiririka miguuni.

"Jaha, mwanangu, wacheka nini?"

"Sicheki, mama," mtoto alisema bila kufunga meno.

Ndipo Batuli alipoona kwamba macho yale hayakumtazama yeye. Yalitazama juu ya bega lake, mahali ambapo harufu ya mawaridi ilikuwa imeanza kupumua, taratibu, ikimpasha joto shingoni.