Moyo wa Mwanangu Si Ngoma ya Wageni

Jengo la maduka la Winnipeg lilikuwa limefurika watu waliokimbia baridi ya Januari, kila mmoja akikung'uta theluji viatuni. Larysa Hnatiuk, mpimaji wa ultrasaundi hospitalini, koti lake jekundu limefungwa hadi kidevuni, alisimama mbele ya kibanda kipya. Kijana mrefu alikuwa juu ya ngazi akitundika bango: Sikia Moyo wa Mwanao Tangu Wiki ya Sita.

"Bango lako limepinda, bwana."

"Herufi gani, dada?"

"Herufi zimenyooka. Yaliyopinda ni maneno."

Taras Pohorily alicheka hadi ngazi ikatikisika. "Basi ninyooshe kwa kahawa."

Kahawa ikazaa ndoa. Walikubaliana kuwa biashara isikae meza moja na mapenzi. Nayo ikatii, mpaka Larysa aliposhika mimba.

Jumapili moja, baada ya ukoo kushiba piroge, vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi, za Mama Olha, mamake Taras, Taras akatoa mkobani mashine ndogo ya kusikilizia moyo.

"Dakika moja tu, ua langu. Wausikie moyo."

"Irudishe, Taras."

"Kwani wewe huwapimi wenye mimba changa?"

"Nawapima kwa sababu ya kitabibu, kwa muda mfupi, kwa picha ya kawaida, wala hakuna aliyethibitisha kwamba hiyo hudhuru. Ili kutoa sauti unayoitaka, mashine hukusanya nguvu ya mawimbi mahali pamoja, ikatia joto. Huyu ni mdogo kuliko njegere. Hapashwi moto ili wageni wapige makofi!"

"Mkwe, wangapi wamesikilizwa na leo wanacheza nje?" Mama Olha akadakia.

"Sisemi ataumia, Mama. Nasema simchezei bahati nasibu."

Taras akawaka. "Kwa hiyo mimi ni mwuaji, mbele ya mama yangu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema!"

Larysa akavaa koti, akaenda kwa dada yake. Simu ikamfuata huko.

"Rudi, mpenzi. Nyumba imepoa."

"Washa jiko."

"Unanitania?"

"Nakutania kwa kuwa nakupenda. Nilikataa sauti, Taras, sikukukataa wewe. Ukilielewa hilo, njoo kliniki Alhamisi."

Alikuja. Mpimaji, mwenzake Larysa kazini, akawageuzia kioo cha mashine: mstari mwembamba ulipanda na kushuka, kimya kabisa. Mapigo yakahesabiwa humo, kisha kioo kikazimwa. Taras akafungua kinywa. Larysa akajikaza, akidhani ataomba sauti.

"Mbona umezima mapema hivyo?"

"Nimeshaona ninachokihitaji," mpimaji akajibu.

Taras akainamisha kichwa. "Mimi huwalaza wateja hadi wachoke kushangilia."

"Huwalaza, au uliwalaza?" Larysa akauliza.

"Niliwalaza. Wenye mimba changa siwapokei tena."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yao. Kwa ajili yako nimepiga pasi shati."

"Na umelipiga vibaya, mume wangu."

Simu ya Taras ikalia. Mama Olha: "Mnausikia?"

"Hatuusikii, Mama. Tumeuona, inatosha."

"Mwambie mpimaji aniwekee sauti, hata kidogo!"

"Mama, hapana."

Larysa hakuwa amewahi kulisikia neno hilo likitoka kwa Taras kwenda kwa mama yake. Akateremka kitandani, akamfunga kifungo cha kola, akamshika mkono wakaenda nyumbani.