Komeo la Nje

Haya yalimkuta rafiki yangu mchomeleaji, mtu asiyejua kuongopa. Mchana mmoja aliitwa kwenye nyumba ya watu aweke komeo upande wa nje wa mlango wa chumba. Ndani alikuwamo binti wa nyumba hiyo. Tangu amzike mwanawe, hali wala hasemi, amelala tu akitazama ukuta. Dirisha walikuwa wameliziba kwa mbao.

Akiwa anapima chuma, fundi alisikia fimbo ikitua kwenye nyama. Pa. Pa.

Kaka mtu akatoka akihema, fimbo ina damu.

"Ndugu yangu, utamuua dada yako. Mpeleke hospitali."

"Fundi, choma chuma chako. Anayepigwa ni huyo pepo aliyempanda kichwani. Dada yangu mwenyewe hasikii kitu."

"Huzuni gani ya miezi mitatu?" mama mtu alidakia kutoka ukumbini. "Kwani sisi hatukuzika?"

Mola atusamehe, fundi alimaliza kazi yake. Kaka mtu akalisukuma komeo likaingia.

Kule ndani fimbo ikaendelea. Pa. Pa.

Kaka mtu akaitazama fimbo yake, bado imo mkononi mwake.

"Yumo na nani?" fundi aliuliza.

"Peke yake."

Fundi akalivuta komeo, akamulika tochi gizani. Binti alikuwa amelala vilevile, kaupa mlango mgongo. Alipomgusa, mwili ulikuwa umeshapoa. Hapakuwa na mtu mwingine.

Pa, ikasikika tena, na juu ya mgongo ule wa baridi ukainuka mchirizi mpya, ukaanza kuvuja damu.