Hodi Kwenye Kioo cha Spidomita

Pikipiki ilikuwa imezimwa, imesimama kwenye stendi, na spidomita ilisoma arobaini.

Fundi hakushtuka. Pikipiki ya zamani ina mambo yake, na mshale uliokwama ni ugonjwa mdogo. Mwenyewe, seremala wa mtaa wa pili, alikuwa ameirithi kwa mjomba wake na alitaka kitu kimoja.

"Nijue naenda mwendo gani," alisema. "Mjomba hakujua."

"Hakujua vipi?"

"Alifia juu yake. Hakuanguka, fundi. Ilimfikisha mlangoni kwake, naye ameshapoa."

Fundi alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona seremala hacheki.

Gereji ilikuwa mbele ya nyumba, na pazia tu ndilo lililoitenga na jikoni. Seremala alipoondoka, fundi alianza pale ambapo fundi yeyote angeanzia. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono. Mshale haukutikisika. Akauchomoa waya wa spidi, ule unaopanda kutoka kwenye gurudumu, akautazama uzi wake wa ndani: mzima. Akalizungusha gurudumu tena, na giya ndogo ya kitovuni ikazunguka kama kawaida. Akautundika waya kwenye msumari ukutani. Basi ubovu ulikuwa kwenye spidomita yenyewe. Huenda springi inayorudisha mshale ilikuwa imechoka.

Aligonga kioo kwa ukucha.

"Hodi," alisema, maana alizoea kuvitania vyombo vya wateja. "Hodi humo ndani, mzee!"

"Karibu!" mkewe aliitikia kutoka jikoni.

Mshale ukashuka hadi sifuri.

"Mke wangu, wewe ndiye fundi," alisema akicheka. "Umeuponya kwa neno moja."

Mkewe alichungulia, mwiko mkononi. "Mgeni yuko wapi?"

"Hakuna mgeni. Nilikuwa nautania mshale."

"Acha utani. Kuna mtu amenipita hapa." Alinusa hewa. "Ananuka mpira ulioungua."

Asubuhi mkewe aliamka macho mekundu, midomo imekauka, nywele zimejaa vumbi. Alitema kitu kiganjani. Kilikuwa ubawa wa mdudu.

"Ulitoka?" fundi aliuliza.

"Nitoke niende wapi?" Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili. "Nimeota niko barabarani."

"Unakimbia?"

"Sikimbii. Naendeshwa."

Alasiri alimletea chai, na fundi, aliyekuwa ameinamia ile spidomita ikiwa imefunguliwa skrubu zote, imelala juu ya meza bila kuunganishwa na kitu chochote, aliuona mshale ukipanda kila mkewe aliposogea, ishirini, arobaini, sitini, na alipoinua kichwa kumwambia asimame alimkuta anahema kama aliyepandishwa mlima na mzigo, chai inamwagikia vidole naye hasikii moto wake, na nyuma yake, pale kwenye msumari, uzi wa ndani wa ule waya ulikuwa unazunguka peke yake, ukivuma kama nzi aliyefungiwa chupani.

"Simama," alinong'ona.

"Nashindwa," alisema mkewe. "Nishike. Nashindwa kusimama."

Alimkumbatia, na moyo wa mkewe ukawa unagonga kama injini isiyo na mafuta. Alimshikilia mpaka mshale ukashuka.

Kesho yake alikuja shangazi wa mkewe. Alikuwa mnene, mwenye mkoba mkubwa, na katika ukoo ndiye aliyeitwa majini yanapoingia nyumba ya mtu. Alimtazama mgonjwa, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kubaki mifupa, kisha akamgeukia fundi.

"Ndiye wewe unayepigia hodi spidomita?"

"Ulikuwa utani, shangazi."

"Wenzako hutania mashemeji." Alikipiga kofi kiti cha pikipiki. "Jini huyu alikuwa na kiti chake. Wewe umemgongea, mkeo amemkaribisha, akaona kiti kizuri zaidi. Wiki ikiisha atakuwa amemfikisha alikomfikisha yule mjomba."

"Tumfukuze?"

"Hafukuzwi aliyekaribishwa. Ameingia kwa adabu, atatoka kwa adabu. Ataaga. Sijui ataaga lini, wala kwa sauti ya nani. Asijibiwe." Akawatazama wote wawili. "Jibu lake mnalijua. Msilitamke."

Fundi aliirudisha spidomita mahali pake, akaufunga waya. Shangazi alimkalisha mgonjwa na kuuelekeza mgongo wake kwenye pikipiki, akamwekea viganja mabegani, akasema polepole kwamba mgeni amekula, amelala, amepumzika, na safari yake inamngoja. Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Mkewe akatetemeka toka miguuni hadi meno, harufu ya mpira ikajaa gereji, kisha ikakatika. Mshale ukapanda wenyewe, ukakaa kwenye arobaini.

"Nina njaa," mkewe alisema. Fundi alilia bila kujificha.

Seremala aliitwa aje kuchukua pikipiki yake, akaambiwa masharti. Akakubali, akaufumba mdomo kwa kiganja. Aliiwasha, akaitoa getini, akaenda. Fundi na mkewe walisimama kimya mpaka mngurumo ukapotea. Hakuna aliyeaga. Wakashukuru.

Mchana ule nyumba ilirudi kuwa nyumba. Mkewe aliketi uani kuosha vikombe, akiimba. Fundi alikuwa akikaza mnyororo wa pikipiki nyingine. Shangazi alikuwa amesema ataondoka kabla jua halijazama.

Kutoka getini ikasikika sauti yake nene, yenye haraka ya mtu mwenye safari.

"Haya wanangu, kwaherini!"

"Karibu tena, shangazi!" mkewe aliitikia bila kuinua kichwa.

Mlango wa chumbani ulifunguka. Shangazi akatoka, mkoba bado u wazi mkononi, mtandio haujafungwa.

"Nani anaondoka?" aliuliza.

Kikombe kilimponyoka mkewe. Fundi aliangusha spana, akakimbilia uani, na kabla hajamfikia aliziona nywele zake zikiinuka na kupeperuka kuelekea nyuma, zote kwa pamoja, ilhali nguo zilizoanikwa kwenye kamba juu yake zilining'inia tu, hakuna hata moja iliyotikisika.