Mtaro Mbele ya Mlango

Fundi cherehani alikuwa akishona gauni la mteja mvua iliposhuka. Mara akaona maji yakiingia chini ya mlango, kama mgeni asiyebisha hodi.

"Mama, usishuke kitandani!" alimwambia mama mkwe wake, ambaye hutembea kwa mkongojo.

Maji yalikuwa yakitambaa kuelekea waya wa umeme wa cherehani. Akaruka, akazima swichi kuu ukutani. Papo hapo maji yakaufunika ule waya.

"Leo ulikuwepo," mama mkwe akasema. "Na siku ukiwa umetoka, mwanangu?"

Fundi cherehani akatazama uani. Zamani udongo wa uani uliyanywa maji. Tangu watandaze vitofali juu yake, maji yote yaliteremka kutoka getini hadi mlangoni.

Kesho yake mumewe, dereva wa pikapu, alileta mtaro mwepesi wa plastiki, wa dukani, wenye mfuniko. Akaanza kuchimba kuelekea ukuta wa jirani.

Jirani, mwanamke fundi ujenzi, akatoka mbio.

"Shemeji, weka jembe chini! Maji yenu yalale kwangu?"

"Maji hayana mwenyewe!"

"Yakibomoa ukuta wangu, utajua yana mwenyewe!"

Mume akakaza mikono kwenye mpini. Fundi cherehani akajipenyeza katikati yao.

"Dada, nusura umeme utuue jana. Tufanyeje?"

Hasira ikamshuka jirani. Akaenda kuleta pima maji, kifaa cha kupimia mteremko, akaiweka juu ya vitofali.

"Mteremko wote unaelekea mlangoni. Basi mtaro ukate hapa mbele ya mlango, upana wote wa njia. Ukiacha pengo, maji yatapita hapo hapo."

Akaukanyaga mfuniko wa plastiki. Ukabonyea.

"Gari linapita hapa?"

"Kila siku," mume akajibu.

"Kwa uzito wangu tu umebonyea. Gari je? Huu ni wa njia ya miguu. Tafuteni wenye wavu wa chuma, wa kubeba gari. Mtaro ukae ndani ya zege, na wavu uwe chini kidogo ya vitofali, ndipo maji yadondokee."

"Yakishadondoka yaende wapi?" fundi cherehani akauliza.

"Mtaro nao uwe na mteremko, hadi kwenye shimo lililojazwa mawe bustanini. Mbali na kuta zenu, mbali na zangu. Udongo utayanywa polepole. Na majani myazoe, la sivyo mtaro utaziba."

Mume akakuna kichwa. "Shemeji, nisamehe. Nilikurupuka."

Wakafanya kama alivyosema. Zege likakauka.

Kisha mawingu yakatanda tena, mvua ikashuka. Fundi cherehani akachomoa waya, akasimama mlangoni na ndoo. Maji yakaja kwa kasi, meusi, yakibeba majani. Yakafika kwenye wavu, yakatumbukia yakinguruma. Mengine yakaja. Nayo yakatumbukia.

Jirani akachungulia kutoka kwake, mwavuli mkononi.

"Kwangu pakavu! Kwenu je?"

Mama mkwe akashusha miguu kutoka kitandani, akapapasa sakafu kwa nyayo.

"Mwambieni," akasema akicheka, "hata tone!"