Picha ya Paka Mzito

Kila mchana kazi ni ileile pale dukani kwa shangazi: mimi nakata picha za pasipoti, yeye anachapa barua za watu, na binti yake, Chiriku, akitoka shule anafagia vipande vya karatasi huku mdomo haufungi. Siku hiyo alifagia kimya. Hilo tu lilinitia wasiwasi.

Mara akaingia mwalimu wake wa hesabu. Hata salamu hakuimaliza.

"Mama Chiriku, mitihani yangu inavuja! Hata yule wanayemwita Usingizi kapata yote. Maswali yanapita kwa watu watatu: mimi, wewe na huyu." Akaninyooshea kidole. "Mtihani wa keshokutwa huu hapa, uchapeni. Ukivuja na huu, kazi zote za shule nazipeleka kwingine."

Na sisi tunakula kwa kazi za shule. Shangazi akanitazama. We! Afadhali kofi.

"Shangazi, hata mimi?"

"Kwani nimesema kitu?" Lakini mkoba wake akausogeza karibu.

Basi na mimi nikaanza kushuku kila mtu. Mteja anayechungulia kioo cha kompyuta. Mwalimu mwenyewe. Hata shangazi, Mungu anisamehe.

Kesho yake nikaona kwenye kompyuta, penye meseji za simu ya duka, kwamba Chiriku kalitumia kundi la darasa lake picha ya paka wetu kalala juu ya mashine ya kuchapia. Picha tu, niliipiga mwenyewe. Lakini mbona kaituma kama faili? Picha ya kawaida simu inaibana ipungue. Faili linafika kama lilivyo. Mtoto gani anamjali paka kiasi hicho?

Nikaiweka kando ya ile yangu ya kwanza. Paka yuleyule, sharubu zilezile, ila wa Chiriku, kwa hesabu ya kompyuta, kazidi uzito kidogo.

"Shangazi, njoo uone. Huyu kanenepa usiku mmoja."

"Kala nini?"

Nikaifungua picha kwa programu ya kuandikia. Yakamwagika makorokoro yasiyosomeka, kurasa kwa kurasa. Nikateremka mpaka chini kabisa. Pale mwisho, Kiswahili safi: "Moja B. Mbili D. Tatu A..."

Fagio likaanguka nyuma yetu.

"Sikuiba majibu, mama!" Chiriku alikuwa analia. "Nilisoma maswali, nikayakokotoa mwenyewe!"

"Ukayaficha humo kwa faida gani?"

"Wenzangu darasani walikuwa hawataki kukaa na mimi. Sasa wananigombania."

Shangazi hakugomba. Alimshika mkono hadi kwa mwalimu jioni ileile, mimi nyuma yao, akamwambia, "Haya, sema wewe. Mimi sisemi neno."

Chiriku akasema yote. Mwalimu akauchana mtihani, akafuta na alama za ule uliopita kwa darasa zima. Mpya akasema ataandika ubaoni kwa mkono wake. Kisha akanigeukia. "Kijana, nilikunyooshea kidole bila ushahidi. Nisamehe." Nikasema yameisha. Shangazi akatazama chini.

Adhabu ya Chiriku ikawa kumfundisha Usingizi hesabu kila jioni.

"Mwanangu," mwalimu akamwambia, "unayempa majibu anakuhitaji siku ya mtihani tu. Mfundishe mtu kitu, halafu uone kama hatakuja kukaa nawe hata siku isiyo na mtihani."